Kinyaa kisichoondoka kwa maji: jibu kwa mama wa Bombo

Swali: "Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Bombo na nauza vitenge Kampala. Tangu nijifungue mtoto wa pili, miaka mitatu iliyopita, vitu vya nje vinanitia kinyaa: kiti cha taksi, noti za pesa, kufuli la choo tunachotumia na wapangaji wenzetu. Siogopi kuugua, najua sitakufa. Nahisi tu kwamba nimechafuka, tumbo linanigeuka, na situlii mpaka nioge. Mikono imepasuka kwa sabuni na Jik. Mume wangu hakai kitandani kabla ya kuoga, na madumu ya maji tunayonunua yanakula faida ya biashara. Nikitia udhu narudia mpaka wakati wa swala unanipita. Niliambiwa nijizoeshe kushika vitu vichafu. Nikajaribu wiki nzima na kinyaa hakikupungua. Je, sitibiki? Na binti yangu wa miaka sita ameanza kuniuliza kama mikono yake ni safi. Nimemwambukiza?"

Dada mpendwa,

Assalamu alaykum. Nianze na swali lako linalouma zaidi: unatibika. Sentensi fupi uliyoiandika katikati ya barua, kwamba huogopi kuugua, ndiyo iliyonionyesha kwa nini wiki ile ya kujizoesha haikukusaidia, na sehemu kubwa ya jibu langu inatokana nayo.

Unayoyaeleza yanalingana na maradhi ambayo madaktari huyaita kwa kifupi OCD. Wazo au hisia humwingia mtu bila hiari yake na kung'ang'ania, humsukuma afanye tendo fulani, kama kunawa, kuoga au kukagua, ili apate nafuu, na nafuu hiyo hudumu kidogo tu kabla hisia haijarudi na kudai tendo refu zaidi ya lile la kwanza. Siwezi kuthibitisha ugonjwa kwa barua, kwa kuwa kazi hiyo inahitaji mtaalamu aketi nawe; lakini kipimo kimojawapo kinachotumiwa ni kama mawazo na matendo hayo yanachukua zaidi ya saa moja kwa siku, au yanavuruga kazi na maisha ya nyumbani, na kwako naona yamevuruga biashara, ndoa na ibada. Katika kila watu mia, mmoja hadi watatu hupatwa na maradhi haya wakati fulani maishani, na miezi ya ujauzito na ya baada ya kujifungua inajulikana kuwa kipindi ambacho huanza au huzidi. Kwa hiyo si ajabu kwamba yalikuanza ulipojifungua, wala si dalili kwamba kuna mtu aliyekufanyia jambo. Nalisema hili waziwazi kwa sababu najua anayoyasikia mama anayeoga kupita kiasi: baadhi ya majirani humsifu kwa usafi, wengine humtafutia mganga, na kati ya hao wote hakuna anayemwambia kwamba anaumwa ugonjwa wenye tiba.

Watu wengi wanaoosha mikono bila kikomo husukumwa na hofu, na mwenye hofu ana jambo analolitabiri. Anasema: nikishika kufuli hili nitapata homa ya matumbo, nitamwambukiza mtoto. Akilishika na siku zikapita bila yeye wala mtoto kuugua, utabiri wake umeanguka, na hofu hupungua kwa sababu imekosa ushahidi. Kinyaa hakitabiri chochote. Kinasema kwamba kitu hiki ni kichafu na wewe uliyekigusa umekuwa mchafu pia, basi. Hata upite mwezi mzima bila kuumwa, hakuna lililokanushwa, maana hakuna lililokuwa limedaiwa. Mwili nao hutenda tofauti katika hali hizi mbili: hofu huharakisha moyo na kuandaa miguu kukimbia, ilhali kinyaa hugeuza tumbo, hujaza mate mdomoni na kumfanya mtu atake kutema au kutapika. Ndiyo maana mumeo anapokuhakikishia kwamba noti hazina ugonjwa, maneno yake ni ya kweli lakini hayakugusi: anajibu swali ambalo hukuuliza.

Tabia hii ya kinyaa haiko kwa wagonjwa peke yao. Mwaka 1986 mwanasaikolojia Paul Rozin na wenzake huko Marekani walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa watu wenye afya. Walichovya kwa muda mfupi mende aliyekufa, ambaye vijidudu vyake vyote vilikuwa vimeuawa, ndani ya kikombe cha maji ya matunda. Watu walijua kwamba mende huyo hana madhara, na bado hamu yao ya kuyanywa maji yale ilishuka sana. Walionyeshwa pia chokoleti laini iliyotengenezwa kwa umbo la kinyesi cha mbwa, nayo ikawakirihi, ijapokuwa walijua kabisa ni chokoleti. Kinyaa hufuata sheria zake chenyewe: kilichogusana mara moja na kichafu hubaki kichafu, na kinachofanana na kichafu ni kichafu. Mtu asiye na maradhi haya hukunja uso, husogeza kikombe kando na kuendelea na siku yake. Kwako sheria hizo zimepanuka mpaka zikafika chumbani: kufuli likachafua mkono, mkono ukachafua mkoba, mkoba ukachafua pesa, pesa zikachafua vitenge, na mume aliyeketi penye vitenge akakatazwa kitanda chake mwenyewe.

Sasa nije kwenye ile wiki yako. Aliyekushauri hakukosea kuhusu aina ya tiba. Mwaka 1966 Victor Meyer, mwanasaikolojia aliyefanya kazi London, alieleza habari za wagonjwa wawili ambao tiba nyingine zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia. Aliwaongoza kukabili mambo waliyoyakwepa huku wakizuiwa kufanya taratibu zao za kujilazimisha, nao wakapata nafuu kubwa. Tiba hiyo imechunguzwa kwa miongo mingi tangu hapo na ndiyo tiba ya mazungumzo na mazoezi yenye ushahidi mkubwa zaidi kwa maradhi haya. Ina nusu mbili zisizotenganishwa: kukabili kitu, na kujizuia kufanya tendo la kujisafisha baada yake. Wengi hufanya nusu ya kwanza na kuiacha ya pili. Nakuomba ujiulize kwa unyofu: ulipolishika kufuli, ulilishika kwa mkono mtupu au kwa kipande cha kaveera, yaani mfuko wa plastiki? Ulitema mate? Ulizuia pumzi, au ulitenga mkono mmoja uwe "mkono wa nje" ili ule mwingine ubaki safi? Uliondoka hapo ukijua kwamba utaoga ukifika ndani? Kila kimoja kati ya vitendo hivyo, hata kiwe kidogo namna gani, huuambia ubongo kwamba umeokoka kwa sababu ulijisafisha, na somo lote linapotea.

Lakini hata kama hukufanya lolote kati ya hayo, wiki moja isingetosha kukizima kinyaa. Tafiti zilizopima hofu na kinyaa pamoja wakati wa mazoezi haya zimeonyesha kwamba kinyaa hushuka polepole kuliko hofu, na kwa baadhi ya watu hubaki kwa kiasi fulani hata baada ya matendo ya kujisafisha kukoma. Wewe ulikuwa ukikiangalia kila siku kama kimepungua, ukakikuta palepale, ukahitimisha kwamba umeshindwa. Ningependa uache kukipima. Mwuguzi anayesafisha kidonda kinachonuka hangoji kinyaa kimtoke ndipo aanze kazi; hufanya kazi nacho, na kwa kuwa yeye hakitii, baada ya muda kinapoteza sauti. Lengo la mazoezi yako liwe hilo: kukunja vitenge, kupika, kuswali na kulala kinyaa kikiwepo, bila kukilipa maji. Katika daftari lako usiandike kinyaa kilikuwa kikubwa kiasi gani, bali andika ulifanya nini kikiwa nawe, na kwa muda gani uliahirisha kunawa au hukunawa kabisa.

Kwa vitendo, panga vitu vinavyokusumbua kuanzia kile unachoweza kukivumilia kwa taabu hadi kile unachokiona hakiwezekani, na uanze karibu na chini ya mpangilio huo. Kwa jinsi ulivyoandika, nadhani noti za pesa zinaweza kutangulia. Pokea noti kwa mikono yote miwili, ikunjue, ipitishe polepole juu ya viganja, kisha gusa mikono ya nguo yako, kitambaa cha kichwani na shavu, halafu endelea kuuza. Usigeuze uso pembeni wala usijiambie kwamba si kitu. Kiri tu kimoyomoyo kwamba kinyaa kipo na kazi inaendelea. Rudia kila siku, kwa noti tofauti na mahali tofauti, sokoni, ndani ya taksi na nyumbani, kwa sababu ubongo uliojifunza mahali pamoja hudai kufundishwa upya pengine. Wiki zinazofuata nenda kwenye kiti cha taksi, kisha ndala za uani, na kufuli la choo lije baadaye.

Kuna hatua moja ambayo wagonjwa huichukia kuliko zote, na naiona ndiyo yenye nguvu zaidi. Chukua kitambaa kidogo, kipitishe kwenye kile unachokifanyia zoezi, kisha uingie nacho ndani ukipitishe kwenye shuka, mto, kabati na kiti unachokipenda, ukiacha tu vyombo vya chakula na vitu ambavyo mtoto mdogo hutia mdomoni. Maradhi yako yanaishi kwa kulinda eneo moja safi. Kitanda kikishakuwa "kichafu" kama kiti cha taksi, hakuna tena pa kulinda, na kuoga kabla ya kulala kunarudi kuwa kuoga kwa kawaida. Ikitokea umeshindwa na umenawa, usijilaumu na usingoje kesho. Gusa kitu kile tena papo hapo, ili kunawa kule kusikuletee faida yoyote.

Huenda unajiuliza kama nakutaka uache usafi katika nchi yenye homa ya matumbo na milipuko ya kipindupindu. La. Nawa kwa sabuni baada ya kutoka chooni, kabla ya kupika na kula, na baada ya kumsafisha mtoto. Mara moja yatosha: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaupa unawaji wote wa sabuni, tangu kulowesha hadi kukausha, sekunde 40 hadi 60. Sikutaki ushike kinyesi wala ule bila kunawa, na mtaalamu akikudai hivyo unayo haki ya kukataa. Mipaka ya mazoezi yako iwe yale ambayo jirani mwangalifu, asiye na maradhi haya, huyafanya bila kuwaza. Na Wizara ya Afya inapotangaza mlipuko, kama ilivyofanya Septemba 2022 kwa Ebola ya Mubende na tena Januari 2025 ilipothibitishwa Kampala, fuata maagizo yake kwa kipimo chake na kwa muda wake. Huwa naona jinsi maradhi haya yanavyoyachukua maagizo ya dharura na kukataa kuyaachilia mlipuko unapotangazwa kuwa umekwisha. Ukijikuta bado unatii tangazo ambalo wizara yenyewe imeshaliondoa, unayemtii sasa ni ugonjwa.

Kuhusu mikono, acha Jik leo. Dawa hiyo imetengenezwa kwa nguo na sakafu; ngozi ikipasuka inakuwa mlango wa vijidudu ambao mkono mzima ungewazuia. Paka mafuta ya mgando mara kadhaa kwa siku, na ukiona usaha au uwekundu unaoenea nenda kituo cha afya. Tena usiichanganye kamwe na dawa ya tindikali ya kusafishia choo, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Udhu nimeutenga kwa sababu hapa maradhi yamevaa nguo za ibada, na mtu huona kwamba kuyakatalia ni kumkatalia Mola. Wanazuoni wa fiqhi wana kanuni inayojulikana sana, kwamba yakini haiondolewi na shaka: uliyetia udhu kwa yakini unabaki na udhu mpaka uwe na yakini kwamba umetenguka. Faradhi ni kuosha kila kiungo mara moja, mara tatu ni sunna, na imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitia udhu kwa mudi moja ya maji, kiasi ambacho kwa makadirio ya wengi hakifiki lita moja. Mimi si mwanachuoni, kwa hiyo nakushauri umwendee sheikh mmoja unayemwamini, umweleze kwamba unaumwa maradhi ya wasiwasi, umwombe hukumu kwa mtu mwenye hali kama yako, na baada ya hapo usimwulize tena wala usimwendee mwingine, maana kuuliza mara ya pili ni kunawa kwa namna nyingine. Kisha pima maji ya udhu kwenye birika moja kabla ya kuanza. Yakiisha, udhu umeisha, na unakwenda kwenye mswala ukiwa na shaka lako.

Mumeo anakupenda, nami naliona hilo katika kila dumu analolibeba, lakini anapooga kwa amri ya ugonjwa na kukujibu kila mara kwamba mikono yako ni safi anaulisha ugonjwa wenyewe. Asiache vyote kwa siku moja, wala asiache kwa ugomvi. Ketini pamoja wakati wa utulivu mkubaliane jambo moja la kuanzia, kwa mfano kwamba kuanzia wiki hii atakaa pembeni mwa kitanda akiwa na nguo za kazini. Mkubaliane pia maneno atakayokujibu ukimwuliza kuhusu usafi, kama vile: "Hilo ni swali la maradhi, na tuliahidiana nisilijibu, niko hapa." Utakasirika siku za mwanzo, na yeye asiichukulie hasira hiyo kuwa imemlenga yeye.

Zipo dawa pia, na kuzitumia si dalili ya unyonge wa imani wala wa akili. Fluoksetini, sertralini na fluvoksamini hutumika kwa maradhi haya, na klomipramini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya OCD. Mara nyingi dozi inayohitajika ni kubwa kuliko ile ya sonona, na hupewa wiki 8 hadi 12 kabla ya kuamua kwamba imeshindwa. Wengi huacha katika wiki ya tatu wakidhani haifai. Usiikatishe ghafla, na mwambie daktari kama unanyonyesha au unatarajia mimba, kwani hilo huathiri uchaguzi wa dawa. Daiazepamu ambayo duka la dawa linaweza kukupa "ili utulie" haitibu maradhi haya na huzoeleka vibaya. Ukipata mawazo ya kutaka kufa, kabla au baada ya kuanza dawa, hilo ni jambo la kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Kwa uliko, anza na kituo cha afya cha serikali kilicho karibu nawe na uulize kama kuna afisa tabibu wa afya ya akili. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na huko Kampala, Hospitali ya Mulago na ile ya Butabika, hospitali ya taifa ya maradhi ya akili, huwahudumia wagonjwa wanaokuja na kurudi nyumbani. Najua jina la Butabika linavyotajwa kama tusi. Hospitali hiyo, iliyojengwa mwaka 1955, ina kliniki ambayo watu wa kazi na biashara huingia asubuhi na kutoka mchana, na hakuna atakayekulaza kwa sababu unanawa mno. Ukifika, usiseme tu kwamba una wasiwasi au presha, maana huenda ukapewa dawa ya kulala tu. Sema: "Nina hisia ya kuchafuka inayonilazimisha kuoga na kunawa kwa saa kadhaa kila siku, na siwezi kujizuia." Na kama hisia hiyo hukujia hata bila kugusa kitu, baada ya kukumbuka mtu fulani au jambo ulilotendewa, mwambie mtaalamu hata hilo. Uchafu wa namna hiyo haufikiwi na maji wala na mazoezi ya makufuli, na unahitaji mazungumzo yake yenyewe.

Mwisho ni binti yako. Maradhi haya hayaambukizwi. Yana upande wa urithi, kwa hiyo watoto wa mgonjwa wana uwezekano mkubwa zaidi kuliko wengine wa kuyapata, lakini walio wengi hawayapati. Mtoto wa miaka sita anayeuliza kama mikono yake ni safi huenda anajifunza tu kanuni za nyumba yake, na kanuni hubadilishwa. Acha kumkagua anapotoka kucheza, anawe nyakati zilezile za watoto wengine, na umwambie kwa maneno mepesi kwamba mama ana ugonjwa unaomfanya aoge mno na kwamba anatibiwa. Akikuuliza kuhusu mikono yake, mjibu mara moja, kisha mrudishe kwenye mchezo. Ukiona ameanza kunawa kwa siri, kulia akizuiwa au kuchelewa shule kwa sababu ya kunawa, nenda naye kwenye kliniki hiyohiyo utakayokwenda wewe. Watoto hutibiwa kwa mazoezi ya namna hii hii, wazazi wakishirikishwa, na si lazima usubiri upone wewe kwanza ndipo umpeleke.